Harusi ya Kijivu

Wiki iliyopita fundi wa mtaani alikuja kunitengenezea redio. Akaifungua mezani, akachovya pamba kwenye spiriti, akaanza kupangusa ndani, na palepale nikasimama nikaenda uani. Alidhani nimeudhika. Sikuudhika. Ni ile harufu: spiriti, vumbi lililopata moto, na risasi ya kulehemu iliyoyeyuka ikapoa. Mtu mwingine ikimfikia anawaza hospitali. Mimi inanirudisha Nchelenge, kwenye kibanda cha mabati karibu na soko la Kashikishi, nina miaka tisa, nimekaa juu ya kreti la soda, namwangalia mtu mzima mikono yake nikiwa na hakika kwamba ananiibia.

Mimi ni mtu wa kushuku. Nasema mapema ili msomaji asije akashangaa. Nikiambiwa samaki ni wa leo, namfunua mashavu kwanza. Mtu akinisifu sana, natafuta anataka nini. Wengi wa rika langu tuliokulia kandokando ya Ziwa Mweru tuko hivyo, maana mpaka wetu na Kongo ulipita katikati ya maji, na kila kilichovuka kilikuja na maelezo yake. Lakini mimi najua hasa nilianzia wapi.

Mtu wa kwenye kibanda aliitwa Fundi Kabamba. Alivuka kutoka upande wa Pweto wakati vita vya ng'ambo vilipowatawanya watu, akashuka mtumbwini na sanduku moja la vifaa. Alikuwa mrefu, mpole, na alizungumza na vyombo vyake kwa sauti ya chini, jambo ambalo lilinitia shaka tangu siku ya kwanza. Alikuwa na mashine ya gemu ya kijivu, ile ya kuchezea mpira na magari kwenye televisheni. Aliipata ikiwa imekufa, akaifufua, kisha akaifanyia jambo ambalo walioitengeneza hawakulikusudia: alilehemu kadi ndogo nyuma yake, nyaya zikabaki zinaning'inia nje, na mashine ikaanza kucheza sidii za video. Wenye video wengine wote tuliowajua walikuwa na kanda. Fundi Kabamba peke yake ndiye aliyekuwa na sidii.

Ilicheza, ila kwa masharti. Ikishika moto, picha ilikwama, watu wakaganda midomo wazi, na Fundi akaigeuza juu chini, tumbo likatazama mabati, ikaendelea. Alisema lenzi yake imechoka, na ikilala chali inapumzika. Sauti ilichelewa. Kila picha iliporuka, watu walikwenda mbele na sauti zao zikabaki nyuma, hivyo mwanamke angefunga mdomo ndipo umsikie akiimba, na maneno ya mwanamume yakamwangukia mbuzi aliyekuwa akipita. Na rangi hazikuwepo kabisa. Kila kitu kilikuwa kijivu, kuanzia mbingu hadi soda.

Sasa mimi nilikuwa na elimu yangu. Nilikuwa nimewahi kuishika sidii mkononi, nikaigeuza kwenye mwanga, nikaona kwa macho yangu kwamba rangi zimo: nyekundu, kijani, zambarau, zote zikikimbia mgongoni pake. Kama rangi zimo kwenye sidii na hazifiki kwenye televisheni, basi zinaishia njiani. Na njiani hapakuwa na mtu ila Fundi Kabamba. Nilimwona akipangusa sidii kwa kitambaa laini, kisha akikikunja kile kitambaa vizuri na kukitia mfukoni. Nani anakunja kitambaa kichafu? Nikajua rangi zetu zinakwenda wapi.

Mama yangu alikuwa mtu wa Kafutuma, wa ukoo wa wavuvi, na alianika na kuuza chisense, vile vidagaa vyeupe vya Mweru. Baba yangu, niliyemwita Papa, alikuwa Mkongomani. Alivuka na samaki wetu hadi Kilwa ya Kongo, kutoka hapo kwa lori hadi Lubumbashi, akarudi na vitenge, sabuni na sufuria. Wiki tatu huko, wiki mbili kwetu. Walikutana kwa Kiswahili cha soko, na ndicho walichoendelea kukisema nyumbani, Mama akichomeka Kibemba alipokosa neno au alipokasirika. Kwa desturi ya kwetu mtu mzima haitwi jina lake. Huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Kwa hiyo Papa bandarini, sokoni na kanisani alikuwa Bashi Chanda, yaani baba wa Chanda, na Mama alikuwa Bana Chanda, mama wa Chanda, na Chanda ni mimi. Sikuwa na ndugu. Nilitembea na jambo hilo kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Sidii iliyotuletea balaa ilifika mwanzo wa mvua, siku chache kabla ya ziwa kufungwa ili samaki wazae. Aliileta Mama Odette, mchuuzi wa ng'ambo aliyezoea kulala kwetu anapovuka. Ilikuwa imefungwa kwenye gazeti. Alisema ni harusi ya mpwa wa Papa, iliyofanyika Lubumbashi, na kwamba siku hizi studio za kule zinaweka harusi za watu kwenye sidii. Mama akauliza nani ameituma. Mama Odette akajibu kwamba amepewa sokoni Kilwa na mwanamke asiyemjua, mwenye heshima zake, aliyemwambia tu ampelekee mama wa Chanda. Hakukuwa na barua. Niliona Mama anaigeuzageuza ile karatasi ya gazeti, akiitafuta barua ambayo ameshaambiwa haipo. Nani huko Kilwa anamjua Chanda?

Papa alikuwa safarini. Kesho yake alasiri tukaenda kibandani, Mama na mimi, tukaiona harusi yote, mashine ikigeuzwa juu chini mara mbili. Papa alikuwemo. Nilipiga makofi nilipomwona, nikamwonyesha Mama kwa kidole kana kwamba hamjui. Alikaa kiti cha mbele, amevaa shati la kitenge chenye maduara makubwa. Pembeni yake, kiti cha pili, alikaa mwanamke mnene, mzuri, gauni na kilemba vyake vya kitenge chenye maduara yaleyale. Kijivu kilekile. Yule mwanamke akamwinamia sikioni, akasema kitu, na Papa akacheka.

Kwa mtu wa mbali hilo si neno. Kwa watu wa ziwa lile, hasa wa ng'ambo, kitenge kwenye harusi ni tangazo. Ndugu wa upande mmoja huvaa kitenge kimoja, na mwanamume na mwanamke wakikaa bega kwa bega wamevaa kimoja, hakuna anayeuliza. Mama aliitazama mpaka mwisho. Akamshukuru Fundi kwa adabu zote. Njiani alinishika mkono kwa nguvu hata vidole vikaniuma, na alisema neno moja tu, la Kibemba, ambalo mimi nilikatazwa kulisema.

Papa alirudi na mtumbwi wa mwisho kabla ya ziwa kufungwa. Alikuta mfuko wake wa nguo barazani, umefungwa kamba. Mama alikuwa amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha, hapiti mtu.

"Ule mwanamuke mulivaa naye kitenge moja, ni nani?"

Papa alishtuka. Lakini hata mimi mtoto niliona kwamba hakushtushwa na swali kama alivyoshtushwa na habari ya sidii. Aliuliza mara mbili nani aliyeileta. Aliuliza tumeiona yote au nusu. Aliuliza sauti yake ikoje, na Mama akamwambia sauti ni ovyo, picha inatosha. Hapo nikamwona anashusha pumzi, nikadhani ni uchovu wa safari.

"Kitenge haiko moja, Bana Chanda," akasema. "Desini ni moja, lakini rangi ni mbili. Upande ya bibi-harusi balivaa ya majani. Shiye, upande ya bwana, tulivaa nyekundu. Ule mama ni wa kule kwa bibi-harusi. Hata jina yake siijui."

"Miye niliona moja," Mama akasema. "Siku nitaona mbili, utarudia ku nyumba."

Hakupandisha sauti, na Papa alimjua vizuri vya kutosha kutobishana. Akabeba mfuko wake akaenda kulala kwa Fundi Kabamba, nyuma ya pazia, kwa sababu walikuwa watu wa nchi moja na kwa sababu ziwa lilikuwa limefungwa na hakuwa na pa kwenda. Ndivyo ndoa ya wazazi wangu ilivyokuja kuning'inia kwenye nyaya za mashine ya gemu. Rangi zikitoka, Papa anarudi. Zisipotoka, ziwa litafunguliwa na yeye atavuka, na nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba wanaume wengine wakivuka hawarudi.

Miezi ile ya mvua nilifanya kazi moja tu: kumchunga Fundi. Nikitoka shule napita kibandani, nakaa juu ya kreti. Papa alinikaribisha vizuri, alininunulia vitumbua, lakini nilisikia kwamba kabla sijaingia walikuwa wakisema Kiluba, na nikiingia wanageukia Kiswahili. Nikaenda kumwambia Mama. Mama naye alikuwa na mashaka yake, na ya kwangu yakawa kuni juu ya kuni zake. Alisema mtu anayelala kwako na kula kwako, huwezi kumharibia; Fundi ataileta rangi siku ambayo Papa atataka iletwe. Aliacha kumsalimia kwa mkono. Kwetu hilo ni jambo zito, na Fundi aliliona, akaendelea kumpigia magoti kidogo kila akipita, kama inavyompasa mtu mwenye adabu.

Shaka langu halikuwa kama la Mama. Sikuwahi kumshuku Papa hata dakika moja. Niliona kwamba Papa anasema kweli na kuna mwizi mmoja anayemzuia asirudi nyumbani. Siku moja nikapata wazo kwamba Fundi akishamaliza kuzinyonya rangi za sidii yetu, atatuletea sidii nyingine, tupu, inayofanana nayo. Kwa hiyo aliposhughulika na mteja, nikachukua wembe wangu wa kuchongea penseli, nikaikwaruza sidii alama ndogo mgongoni, palepale penye mng'ao, ili niitambue. Niliikwaruza vizuri sana. Siku iliyofuata harusi ikakwama kwenye maombi, mchungaji mikono juu, na hata kugeuzwa juu chini hakukusaidia.

Fundi aliitoa, akaitazama kwenye mwanga, akanitazama mimi. Siku mbili alikaa akiisugua ile alama kwa dawa ya meno na pamba, polepole, kutoka katikati kwenda nje, akisuuza, akitazama, akisugua tena. Papa aliuliza imekuwaje, naye akajibu kwamba sidii hukwaruzika. Tulipobaki wawili akaniuliza wembe wangu ni wa kazi gani. Nikasema wa penseli.

"Basi ikate penseli tu," akasema.

Ningepaswa kumpenda kuanzia hapo. Badala yake nilimchukia zaidi, kwa sababu sasa alikuwa na siri yangu.

Kwa nini rangi zinakosekana, Fundi alitueleza zaidi ya mara moja. Alisema kila televisheni inajua kusoma rangi kwa namna yake, na hii ya kwake ilisoma kwa namna ya huku, ilhali sidii na mashine zilitoa rangi kwa namna ya kwingine. Picha ilipita, rangi ikaachwa nje. Haikuwa waya, alibadilisha waya mara tatu mbele yetu. Haikuwa kadi, aliilehemu upya. Ilitakiwa televisheni inayojua namna zote mbili, basi. Kuhusu sauti, alisema hiyo ni kazi ya lenzi. Lenzi ikichoka inaruka, ikiruka picha na sauti zinaachana, na zikiachana hazikutani tena mpaka mwanzo. Mama alisikiliza yote hayo amekunja mikono. Akasema kwa Kibemba, akiniangalia mimi, kwamba mtu mwenye maelezo mengi hivyo ana kitu anakifunika.

Papa ndiye aliyehangaika kutafuta televisheni. Hilo lilinipa moyo, na nadhani lilianza kumlainisha Mama pia, maana mwenye hatia hatafuti shahidi. Alizunguka mpaka Mwansabombwe kuuliza. Mwishowe aliipata karibu kabisa, kwenye nyumba ya wageni pale ufukweni: televisheni kubwa nyeusi, iliyoletwa na dereva wa lori kutoka kusini. Mwenye nyumba akakubali kuiazima alasiri moja, Fundi naye akakubali kumpandishia antena yake iliyoangushwa na upepo. Wiki hiyohiyo Fundi alikuwa amepata lenzi, ameing'oa kwenye redio ya sidii iliyozama ziwani na mwenyewe akaikatia tamaa. Aliiosha kwa spiriti, akaifunga kwenye mashine kwa skrubu mbili na uzi.

Tuliipokea televisheni kwenye toroli, imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Mvua ilikuwa imekatika kidogo siku hiyo, ziwa lilikuwa limefunguliwa siku tatu nyuma, na soko lote lilinuka samaki wabichi tena. Papa alikuwa ameshaulizia mtumbwi. Mama akaja amevaa kitenge chake cha kanisani. Aliingia, akaagiza mlango ufungwe, akachungulia nyuma ya televisheni, akachungulia chini ya meza, akauliza kama sidii ni ileile. Nikaichukua, nikaigeuza, nikaiona alama yangu, imefifia lakini ipo. Nikasema ni ileile. Fundi hakunitazama.

Akachomeka waya wa picha kwanza. Nyaya za sauti ziliachwa zinalala mezani, maana hakuna aliyezihitaji. Kwanza ikaja ndoo ya njano, karibu na sufuria za wapishi. Nakumbuka nilivyoshika pumzi kwa ajili ya ile ndoo. Kisha mti, kisha anga, kisha viti vya mbele. Shati la Papa lilikuwa jekundu kama pilipili. Gauni la yule mwanamke pembeni yake lilikuwa la kijani, na nyuma yake safu nzima ya wanawake wa kijani, ndugu wa bibi-harusi, na upande wa Papa wote ni wekundu, wazee kwa watoto. Maduara yaleyale, rangi mbili, kama alivyosema.

Mama alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Aliweka kidole juu ya shati, akakipeleka juu ya gauni, akakirudisha juu ya shati.

"Ni mbili," akasema.

Akaanza kucheka. Sijamsikia Mama akicheka hivyo tena. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akamwambia Fundi amsamehe, akampa mkono, wote wawili. Akasema kumbe miezi mitatu amelala akimtukana mama wa watu asiyemjua. Mimi nilikuwa nimejaa furaha na aibu kwa pamoja, kwa sababu rangi zote zilikuwepo na hakuna aliyeiba kitu. Mama akaniambia nibebe mfuko wa Papa, twende nyumbani, ameacha samaki jikoni. Nikaingia nyuma ya pazia, nikautoa, nikautwika kichwani.

Papa alikuwa ameshasimama, anakung'uta suruali. Akamwambia Fundi azime, wawarudishie watu televisheni yao kabla ya mvua.

"Na sauti?" nikauliza.

Ni mimi niliyeuliza. Nilitaka tu kumsikia Papa. Katikati ya harusi aliinuka kuwausia maharusi, na kwa miezi yote ile nilikuwa nimemwona akifungua mdomo huku kunasikika masufuria. Nilitaka maneno yake yamkute mdomoni. Papa akasema sauti haina kazi, muda umekwenda. Lakini Fundi alikuwa ameifunga ile lenzi kwa mikono yake na hajaijaribu kwa sauti, na hakuna fundi duniani ambaye ungemzuia. Akachomeka nyaya, akaianzisha upya, akaisogeza mbele hadi kwenye wosia.

Mkono ulipiga ngoma, na ngoma ikalia palepale. Mwanamke alifungua mdomo, na kigelegele kikatoka mdomoni mwake. Papa akainuka ndani ya shati lake jekundu, akakohoa, akaanza kusema, na kila neno lilikuwa lake. Nilimtazama Mama nione kama anafurahi. Alikuwa anatabasamu, kichwa upande. Maneno yakaisha, watu wakapiga makofi, Papa akakaa. Kisha akaja msichana mwenye gauni jekundu, amebeba sinia la soda. Tulikuwa tumemwona mara nyingi. Alikuwa mmoja wa watoto wanaohudumia wageni. Alipiga goti mbele ya kiti cha Papa.

"Papa," akasema, "mama anasema ukuye. Chakula iko tayari."

Sauti ile pia tulikuwa tumeisikia mara nyingi. Siku zote ilimwangukia mchungaji mzee akijipangusa jasho, na mimi na Papa tuliwahi kucheka kwamba mchungaji ana sauti ya mtoto. Sasa ilitoka ilipopaswa kutoka. Papa wa kwenye televisheni akaweka mkono kichwani kwa yule msichana, bila kuangalia, kama unavyoshika kitu chako. Akainuka, akamfuata, wakatoka pembeni mwa picha, kwenda kwa mtu ambaye kamera haikumwonyesha hata mara moja. Hapo ndipo Mama alipomjua aliyetuma sidii.

Nilichokiona mimi kilikuwa kidogo kuliko hicho. Niliona kwamba yule msichana akiwa amepiga goti alifika kwenye bega la Papa alipokaa. Mimi ili nifike hapo ilibidi nisimame.

Fundi akanyoosha mkono kwenye swichi. Mama akamwambia aache. Harusi ikaendelea, watu wakacheza, wekundu na wa kijani, sauti na miguu vikienda pamoja vizuri kabisa. Mama hakuwa anaitazama tena.

"Jina yake nani?"

Papa alitazama chini.

"Nyota."

"Iko na myaka ngapi?"

"Kumi na mbili."

Mama akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Alikuwa amekuja pale kumtafuta mwanamke aliyeingia kwenye nyumba yake. Miaka kumi na mbili. Wao walikuwa wameoana kwa miaka kumi. Hakulia na hakutukana, wala hakuuliza kama mwanamke yule anajua kuhusu sisi, kwa sababu jibu alikuwa ameletewa limefungwa kwenye gazeti. Alinigeukia mimi, akautua mfuko kutoka kichwani mwangu kwa mikono miwili, polepole, nisije nikaumia shingo. Akauweka sakafuni mbele ya miguu ya Papa. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akapiga goti kidogo kama inavyompasa mwanamke anayezungumza na mume wa mwenzake.

"Bashi Nyota," akasema, "beba mufuko yako."

Nilimtazama Papa. Nilingoja aseme kwamba hilo si jina lake, kwamba jina lake ni mimi. Angekanusha tu, hata kwa uongo, ningemwamini mpaka leo.

Aliitika.